Kabla hujachagua dume la mbegu
Wafugaji wa kondoo chotara wa nyama, msichague dume kwa kuangalia tu nani mkubwa siku ya kuachisha ziwa. Aliyezaliwa peke yake kanyonya maziwa yote mwenyewe, pacha kagawana na mwenzie, sasa ukiwaweka pamoja pacha ataonekana dhaifu kumbe pengine damu yake ndo nzuri zaidi, na mama wa uzao wa kwanza huwa na maziwa kidogo kuliko jike lililokomaa, hilo nalo linamrudisha mtoto nyuma. We pima uzito siku ya kuzaliwa, andika tarehe, jinsia, pacha au la, umri wa mama, upime tena wakifika siku 90 hivi. Halafu linganisha waliozaliwa msimu mmoja, pacha kwa pacha.