Kabla Hujafungua Kopo la Rangi: Uzio wa Chuma Karibu na Bahari

Uzio wangu hapa Sahare, Tanga, niliupaka rangi upya nikajua yameisha. Kusi moja tu lilipovuma, rangi ikafura malengelenge, na nilipolipasua moja kwa ukucha nikakuta kutu mbichi, ya rangi ya chungwa, imelala chini yake. Rangi ilikuwa nzuri na fundi hakuniibia. Mimi ndiye niliyemharakisha. Safari ya pili nilitumia siku nyingi zaidi kwenye maandalizi kuliko kwenye kupaka, na uzio bado umesimama vizuri.

Jambo kubwa kwetu ni chumvi. Aliyejenga Muheza, mbali na bahari, anaweza kulichukulia kwa wepesi, lakini huku ufukweni pepo zote mbili, kusi na kaskazi, zinatoka baharini, na zikipita zinaacha chumvi kwenye chuma. Huioni kwa macho. Kazi yake ni kunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana chuma cha pwani kinaamka kimelowa hata kama mvua haijanyesha wiki nzima. Ukianza na brashi ya waya, kama nilivyofanya mimi, unaishindilia ile chumvi kwenye vishimo vya kutu, kisha unaifunika kwa rangi ili ifanye kazi yake kwa raha. Kwa hiyo anza na ndoo. Maji ya bomba, sabuni ya unga kidogo, kitambaa, halafu suuza vizuri. Nimesema ya bomba kwa makusudi: visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya munyu, na ukisuuzia hayo umerudi kule kule. Ukishakwangua kutu, suuza tena, maana chumvi iliyokuwa imejificha chini ya magamba sasa ndiyo imetoka. Futa, acha kikauke kabisa.

Ila usioshe na kukwangua uzio mzima kwa siku moja. Chuma kilichobaki uchi hapa kwetu kinaanza kubadilika rangi kabla ya jioni, na asubuhi utakikuta kina kutu jembamba kama vumbi. Chukua kipande unachoweza kukikwangua, kukisuuza na kukipaka redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo.

Kabla ya yote hayo, zunguka na spana mkononi ugonge kila mguu wa uzio, hasa pale unapozama kwenye zege. Mabomba ya skwea yana uwazi ndani, na maji yakiingia kwa juu yanakaa chini yakila taratibu upande usiouona. Bomba zima linalia; lililooza linatoa sauti butu, na wakati mwingine spana inatoboa. Hapo hakuna rangi itakayosaidia, mwite fundi wa kuchomelea kwanza. Mwambie pia azibe vichwa vya mabomba vilivyo wazi. Zege linalozunguka mguu likiwa na shimo, lijaze na ulitengenezee mteremko kidogo ili maji yasituame.

Angalia pia ni chuma gani. Kama kina ule mng'ao wa kijivu wa zinki, rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja itaachia, kwa sababu mafuta yake na zinki haviivani. Duka la rangi uliza praima, yaani rangi ya kwanza, inayoshika juu ya zinki. Na kama uzio ni wa zamani na hujui ulipakwa nini, chukulia kwamba rangi ile ina madini ya risasi: msasa utumike ukiwa umeloweshwa, vaa barakoa, tandika turubai chini, watoto wasisogee. Vumbi lile lisiishie kwenye bustani ya mchicha.

Kununua rangi kwa kukisia ndiko kunakowaachia watu makopo nusu nusu stoo. Bomba la skwea la milimita 25 lina pande nne, jumla sentimita 10, kwa hiyo mita 10 za bomba ni mita 1 ya mraba. Uzio wangu una urefu wa mita 12. Mabomba ya kusimama 100, kila moja mita 1.5, ni mita 150, na ya kulala matatu ni mita 36. Jumla mita 186, yaani mita za mraba 18.6. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10, basi lita 2 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Mikono miwili ya redoksaidi ni galoni moja ya lita 4, na miwili ya rangi ni galoni nyingine. Ongeza kidogo cha kumwagika, na tina ya kuoshea brashi, ikae mbali na jiko.

Siku nazo zichague. Januari na Februari, vuli ikiwa imepita na masika hayajafika, ndio wakati wangu. Saa za kupaka ni kuanzia saa tatu asubuhi umande ukishakauka, hadi kama saa tano. Jua la mchana likikipata chuma, rangi inakauka ngozi ya juu huku ndani mbichi. Ukiwa na shaka, pitisha kitambaa kibichi kwenye chuma: alama ya maji ikichelewa zaidi ya robo saa kukauka, ahirisha. Na redoksaidi usiiache peke yake miezi. Mji mzima una mageti mekundu yanayosubiri rangi tangu yachomelewe, lakini ile si koti ya mvua, nayo inapitisha maji.

La mwisho, waarifu majirani. Uzio uswahilini ni kamba ya kuanikia nguo ya watu wote. Mimi nilisahau, na mama jirani alitoka alfajiri akatandaza kanga zake palepale alipozoea. Mstari wa redoksaidi ulikata katikati ya jina la kanga, haukutoka kwa sabuni wala kwa ndimu, na doti mpya nilinunua mimi.