Mtoto ana usonji na shule hazina nafasi? Jinsi ya kupata mwalimu wa nyumbani anayelipwa na serikali Ayalandi

Wazazi wenzangu mlioko Ayalandi, mwezi huu kina mama watatu wameniuliza hili jambo kwa hiyo naandika yote hapa. Serikali ya huku ina ruzuku ya kumlipia mtoto mdogo mwenye usonji mwalimu wa kumfuata nyumbani. Wa miaka 2 na nusu mpaka 3 anapewa saa 10 kwa wiki, akishafikisha 3 zinakuwa 20, ila hizo 20 ni kama tu hakuna nafasi kwenye darasa maalum la wadogo, maana madarasa hayo yanachukua kuanzia miaka 3.

Anza na ripoti. Lazima mtaalamu awe ameandika wazi kwamba ni usonji, ikisema tu "amechelewa kuongea" haitoshi. Tathmini unaiomba HSE, yaani idara ya afya ya serikali, na ni bure, sheria ya walemavu ya 2005 inawataka waanze ndani ya miezi 3 na wamalize ndani ya 3 mingine, lakini foleni ni ndefu mno na watu wanasubiri kupita huo muda, kwa hiyo tuma maombi leo hata kama bado una matumaini ataongea tu mwenyewe. Mimi bibi wa mwanangu aliniambia kwenye simu kwamba baba wa mtoto naye alichelewa, nikatulia, miezi 8 ikaenda hivyo hivyo.

Sasa hapa kwenye barua za shule ndipo wengi tunapokwama. Darasa moja la wadogo lina watoto 6, mwalimu mmoja na wasaidizi wawili, kwa hiyo linajaa haraka sana. Iandikie kila shule ya eneo lako yenye darasa hilo, na wakisema hakuna nafasi waombe wakupe jibu kwa maandishi, wakijibu kwa simu tu usikubali. Barua ya kwanza ya kukataliwa mimi niliichana kwa uchungu, nililia siku nzima, kumbe karatasi ile ile ndiyo nilikuwa naihitaji, ikabidi nirudi kuwabembeleza waniandikie nyingine! Zitunze zote kwenye faili. Halafu mtafute SENO wa eneo lako, ni afisa wa NCSE, baraza la taifa la elimu maalum, yeye ndiye anayethibitisha kwamba mtoto kweli hana pa kwenda. Na ukipewa nafasi ukaikataa usitegemee tena hii ruzuku.

Mwalimu unamtafuta mwenyewe, wizara ya elimu haikuletei mtu. Awe amesajiliwa kwenye baraza la walimu la huku au ana cheti cha kiwango cha 7 (shahada ya kawaida) kwenda juu kinachohusiana na kazi hiyo, awe amekaguliwa na Garda, yaani polisi wa huku, na asiwe ndugu yenu. Ulizia wazazi ambao watoto wao wameshaingia shule, mara nyingi mwalimu wao ndiyo kwanza amebaki bila kazi, mimi nilimpata hivyo. Kabla hujakubaliana naye mwite nyumbani umwone, akikaa chini sakafuni akafuata mchezo wa mtoto huyo anafaa, akianza kumshika mikono amlazimishe kukaa kitini tafuta mwingine. Tena asianze kufundisha kabla wizara haijamwidhinisha, saa za kabla ya hapo hazilipwi. Na masomo yakiendelea lazima mtu mzima wa familia awepo nyumbani, usipange kwenda dukani.

Jambo lingine naomba dada zangu mnisikie vizuri. Mtu akikwambia acha Kiswahili mtoto asichanganyikiwe, usimsikilize, utafiti haujaonyesha kwamba lugha mbili zinamdhuru mtoto mwenye usonji. Mwandikie mwalimu maneno anayoyatumia mtoto, maji, nataka, basi, beba, na maana zake. Wa kwangu alikuwa anasema "bado" mwalimu anadhani ni kelele tu, alipojua maana yake wakaanza kuelewana, na kupiga kichwa ukutani kukapungua.

Ruzuku ni ya mwaka wa shule mmoja tu. Mwaka mpya unajaza fomu upya na barua mpya za shule, kwa hiyo mwezi wa tatu uwe umeshaanza kuziandikia.