SOMO: Kutafuta neno kwenye kamusi ya Kigeorgia

Wakuu, nachoka kujibu inboksi swali lilelile: "kamusi yangu haina neno fulani." Neno lipo, unatafuta pasipo. (Ni Georgia ya Tbilisi, siyo ile ya Marekani.)

1. Herufi ni 33. Hakuna kubwa na ndogo.

2. Kariri mpangilio wake, achana na A-B-C yetu:
ა ბ გ დ ე ვ ზ თ ი კ ლ მ ნ ო პ ჟ რ ს ტ უ ფ ქ ღ ყ შ ჩ ც ძ წ ჭ ხ ჯ ჰ
Mwanzo unafuata Kigiriki: alfa, beta, gama, delta. Sauti nyingi ambazo Wagiriki hawakuwa nazo, kama შ (sh) na ჩ (ch), ziko mwishoni.

3. K ni mbili. Nilipoanza, nilikuwa naandika msamiati kwa herufi zetu. Nikaandika "kari: mlango", kisha "kari: upepo", nikaamini ni neno moja lenye maana mbili. Kumbe mlango ni კარი na upepo ni ქარი. კ ni ya 10, ქ ni ya 22! Daftari la miezi mitatu nililiandika upya lote. Weka kiganja mbele ya mdomo: ukitamka ქ pumzi inakigonga; ukitamka კ koo linabanwa, pumzi haifiki. Watu wa Mombasa mnaotofautisha paa la nyumba na paa wa porini, sikio mnalo tayari, ingawa sauti si ileile.
ONYO: T nazo ni mbili (თ ya 8, ტ ya 19), na P pia: ფ ya 21 usiichanganye na პ ya 15. Usipange maneno kwa tahajia ya Kilatini, hata kwa muda.

4. Herufi ya pili na ya tatu, fuata mpangilio huohuo.

MASWALI

Kibo77: Mkuu, neno la "sh" silioni kwenye S.
— Hatua ya 2.

Kibo77: Nimepitia haraka. Nitumie orodha inboksi.
— Orodha iko hapo juu. Inboksi situmi.

Binti Pwani: Shikamoo mwalimu. Chuoni tulisoma alifu, be, te, lakini babu alihesabu kwa abjadi: alifu 1, be 2, jimu 3, dali 4. Hiyo a-b-g-d ina undugu nayo?
— Marahaba! Undugu upo, asili ni Wafoinike, watu wa kale wa pwani ya Lebanoni. Wagiriki walichukua kwao. Waarabu walipata kupitia Waaramu. Alifu-be-te ilikuja baadaye, ikaweka pamoja herufi zinazofanana umbo: be, te na the zinatofautiana nukta tu. Abjadi ilibaki na mpangilio wa zamani kwa sababu kila herufi ni namba. Georgia vilevile, na hapa nasema thamani, siyo nafasi: ა 1, კ 20, ქ 600, ჰ 9000. Sasa hesabu kuanzia ა: ზ ni 7, თ ni 9. Nane ilikuwa ya ჱ, mojawapo ya herufi tano zilizoondolewa karne ya 19. Herufi imeondoka, namba yake haikupewa nyingine.

Fundi Jedwali: Kupanga jedwali la maneno kwenye kompyuta je?
— Panga kwa safu yenye herufi za Kigeorgia, siyo ya tafsiri wala ya Kilatini.

Fundi Jedwali: Nimejaribu. Mlango umetangulia, upepo uko chini kabisa.
— Ndivyo.