Kununua Mazda MX-5 ya mtumba Uingereza: anzia chini, boneti baadaye

Wikendi mbili nimezimalizia nikiwa nimelala chali chini ya magari ya watu nisiowajua. Shemeji yangu, nesi wa Coventry, alikuwa ameshaamua: anataka gari la siti mbili, la kufungua turubai, bajeti pauni 3,000, na habari za Yaris hataki kuzisikia. Mama mkwe alipotumiwa picha aliuliza swali moja tu: "Na mimi nikija nakaa wapi?" Hakujibiwa. Gari tumelipata, la tano kati ya tuliyokwenda kuyaona, na kwa kuwa watu watatu kwenye grupu letu wameshaniuliza tulifanyaje, naandika mara moja yaishe.

Hatua ya 1: Chagua toleo

Mimi sina mjadala hapa. Nunua Mazda MX-5. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, na kufikia 2016 zilishatengenezwa zaidi ya milioni moja, kwa hiyo spea zipo tele, mpya na za kung'oa. Injini mbele, nguvu inakwenda tairi za nyuma, uzito kama tani moja. MG TF utaipata kwa bei ya chini zaidi, lakini gasketi ya silinda hedi ya injini zile imewaliza wengi. Toyota MR2 ya mwisho ni tamu kuendesha, ila injini za miaka yake ya kwanza zinajulikana kwa kula oili, na buti la maana haina.

Mk1, yaani toleo la kwanza, ile yenye taa za kuchomoza, siku hizi bei imepanda kwa sababu watu wanazihifadhi. Mk2 ni ya 1998 hadi 2005. Mk3 ni ya 2005 hadi 2015, nzito kidogo, ina nafasi zaidi. Kama una urefu wa futi sita na kitu, usijisumbue na Mk2, magoti yatagombana na usukani. Shemeji ni mfupi, tukachukua njia ya Mk2.

Anayeishi London asipende rangi kabla ya kuingiza namba ya gari kwenye tovuti ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London. Tangu Agosti 2023 ULEZ (eneo la kutoza magari yenye moshi mchafu) imefika mitaa yote ya London, na gari la petroli lisilofikia kiwango linalipa pauni 12.50 kila siku linapotembea. Kuna Mk2 zinazopita na kuna zisizopita, hata zikifanana kama mapacha.

Na mnaouliza kuhusu kuipeleka nyumbani baadaye: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Tanzania inapokea, lakini kuna ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine wote. Halafu kuna matuta. Piga hesabu kwanza.

Hatua ya 2: Soma historia ya MOT kabla ya kupiga simu

MOT ni ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka. Historia yake ni bure, iko kwenye tovuti ya serikali, unahitaji namba ya gari tu, na namba ipo kwenye picha ya tangazo. Kama muuzaji ameifuta, mwombe. Akigoma, achana naye.

Usiangalie tu amepita au amefeli. Soma yale maonyo madogo ya kila mwaka na utafute neno moja: corrosion, yaani kutu. Kuna gari tuliloliona Nuneaton, mwaka mmoja limeandikiwa kutu kwenye kizingiti (chuma cha chini ya mlango) cha kulia karibu na nyuma, mwaka uliofuata kimya. Kutu haiponi yenyewe kama mafua. Ama kuna mtu alichomelea, na atakuwa na risiti, ama kuna mtu alipaka. Huyu hakuwa na risiti.

Maili chache zisikupumbaze. Gari lililolala miaka minne kwenye nyasi nyuma ya nyumba lina hali mbaya kuliko lililotembea kila siku.

Hatua ya 3: Piga simu

Mwambie asiwashe injini kabla hujafika. Muulize kama turubai linavuja. Basi.

Hatua ya 4: Kutu

Hapa tutakaa.

Mwaka wangu wa pili huku nilinunua Mk2 ya 2003, nyekundu, imeng'arishwa hadi unajiona. Niliinama, nikaona chini kumepakwa lami nyeusi mpya, nikafurahi: mwenye gari anajali. Nikalipa pauni 2,200. Februari nikaipeleka MOT. Fundi akagonga kizingiti mbele ya tairi la nyuma kwa kile kinyundo chao kidogo, akagonga tena, mara ya tatu kinyundo kikaingia ndani. Upande wa pili vilevile. Kwa kuwa mkanda wa siti umefungwa karibu na hapo, hapakuwa na la kujadili, gari lilifeli. Kuchomelea pande zote mbili kulinigharimu pauni 900, na wiki tatu za kupanda basi kwenye baridi.

Sasa elewa kwa nini linaozea hapo, maana ukielewa utajua pa kuangalia. Waliokulia Tanga au Mombasa wanajua upepo wa bahari unavyoyafanya mabati. Huku chumvi hailetwi na upepo, inamwagwa barabarani kila baridi ili barafu isigande, na tairi zinairusha chini ya gari. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine inatoka juu. Maji ya mvua yakishuka kwenye turubai huingia kwenye mfereji wa mpira nyuma ya siti, kisha yanashuka kwa vibomba viwili, kimoja kila upande, na kutokea chini ya gari mbele kidogo ya tairi za nyuma. Majani na vumbi vikiziba vile vibomba, maji yanafurika ndani, yanalowesha zulia na kuingia kwenye kizingiti. Kizingiti ni kama boksi la chuma. Maji yakiingia humo yanakaa, na chuma kinaoza kutoka ndani kuja nje. Ukiona kimalengelenge kidogo kwenye rangi, kwa ndani mambo yameshaharibika siku nyingi.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda na tochi ya kuvaa kichwani (ya simu haifai, utahitaji mikono yote miwili), kipande cha boksi cha kulalia, sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi, na chupa ya maji.

Anza ndani. Sogeza siti mbele, ingiza mkono nyuma yake, bonyeza zulia kwenye kona, chini kabisa. Likiwa na unyevu, unajua. Likiwa kavu, nusa. Zulia lililokaa na maji lina harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi, na manukato ya kuning'iniza kwenye kioo hayaifichi. Ukikuta manukato matatu kwenye gari moja, jiulize.

Kisha omba ruhusa umwage maji. Turubai likiwa limefunguka nusu, mimina kikombe kimoja polepole kwenye mfereji wa kona, halafu chungulia chini. Maji yatoke mbele ya tairi la nyuma, upande uleule, ndani ya sekunde chache. Yakichelewa, kibomba kimeanza kuziba. Yasipotoka kabisa, acha kumimina, usije ukalowesha gari la mwenyewe, na uhesabu kwamba kizingiti cha upande huo kimeshakunywa miaka. Muuzaji mmoja alinitazama kana kwamba natambika. Mwenye gari tulilonunua alicheka, akasema hata yeye hufanya hivyo kila majani yanapopukutika. Nikajua tumefika.

Halafu sumaku. Ipitishe kwenye madigadi za nyuma, kuzunguka tairi, na kwenye kizingiti kuanzia katikati ya mlango kwenda nyuma. Inashika, inashika, ghafla inateleza: hapo si chuma, ni puti la kuzibia mashimo. Gonga kwa kifundo cha kidole pia. Chuma kizima kinalia, puti linatoa sauti ya kugonga ukuta.

Mbele ndiko watu wengi hawafiki. Mk2, hasa za 2001 kuendelea, zina tatizo kwenye mihimili miwili ya chasisi inayoanzia mbele. Chuma pale kimepangwa tabaka mbili, unyevu unabanwa katikati, na kuoza kunakuwa kimyakimya. Lala chini, mulika nyuma ya bampa, fuata mhimili hadi panapofungwa mikono ya tairi za mbele. Unatafuta chuma kilichovimba, kilichoachana kama chapati ya kusukuma, au kiraka kilichochomelewa juujuu. Matengenezo yake ni kukata na kuchomelea upya, na fundi mzuri hafanyi kwa bei ya urafiki. Mimi nikikuta mihimili imevimba naondoka, hata kama bei ni nusu.

Tahadhari mbili. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Kwa ukaguzi huu huhitaji kuliinua, kulala pembeni na kuingiza kichwa na mkono kunatosha, na kama unataka kuona zaidi, lipia nusu saa kwenye gereji yenye lifti. La pili: lami nyeusi mpya. Sisemi kila aliyepaka ni mwongo, lakini aliyepaka vizuri ana picha za kabla ya kupaka. Asiye na picha, mimi nahesabu amenifunika macho kwa makusudi.

Hatua ya 5: Injini

Shika boneti kwanza, iwe baridi. Washa. Mk1 zikiwa baridi hutoa sauti ya tiki tiki juu ya injini. Sauti hiyo ikipungua wakati oili inapopata moto, usiogope. Angalia tanki la plastiki la juu ya rejeta: likiwa jeusi ni zima, likigeuka kahawia limechoka, weka rejeta mpya kwenye hesabu. Uliza risiti ya mkanda wa taiming, hubadilishwa kila maili 60,000 (Mk3 ina cheni). Injini hizi hazifi kirahisi, ndiyo maana sipotezi muda hapa.

Hatua ya 6: Endesha

Bima kwanza, ya siku moja inatosha. Gia ya pili ikisaga kidogo kwenye baridi ni kawaida ya gari hili, ikisaga ikiwa moto si kawaida. Klachi ikishika chini kabisa, mara nyingi ni silinda ndogo ya klachi imeanza kuvuja, kitu cha bei ndogo, kitumie kupunguzia bei. Tazama tairi: zikiwa zimelika upande mmoja, muulize lini alipima alaimenti, na kama bolti za kurekebishia hazijagandana kwa kutu. Zikigandana, kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima.

Hatua ya 7: Karatasi na pesa

Kadi ya gari ya huku inaitwa V5C, na imeandikwa wazi kwamba si ushahidi wa umiliki. Linganisha namba ya chasisi ya kwenye gari na ya kwenye kadi, na uhakikishe mko nje ya nyumba ya anwani ileile. Lipia pia ule ukaguzi wa mtandaoni unaoonesha kama gari lina deni, maana mkopo ukibaki, mwenye mkopo anaweza kulifuata gari mikononi mwako.

Shemeji alitaka kutuma pesa usiku kabla hatujaliona, asije mwingine akaliwahi. Nilimwambia, "Shemeji, gari likiwahiwa lipo lingine. Pesa ikiwahiwa hakuna nyingine." Tulihamisha pesa tukiwa tumesimama pale pale, pauni 2,650 kutoka 2,900, kwa ajili ya rejeta na tairi mbili.

Muuzaji anaijulisha DVLA, wakala wa serikali wa kusajili magari, mtandaoni, wewe unabaki na kile kipande cha kijani chenye namba ya tarakimu 12. Namba hiyo ndiyo utakayolipia kodi ya barabara kwenye simu kabla ya kuwasha gari. Kodi ya mwenye gari wa kwanza haihamii kwako tangu 2014, na kamera za njiani hazijui kwamba ndiyo kwanza umenunua.

Kesho yake, kabla ya kuliosha, safisha vile vibomba. Mimi natumia uzi wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi, unapinda vizuri. Usitumie waya wa hanga, utatoboa mpira na utakuwa umejiletea mwenyewe kile ulichokuwa unakikagua. Kisha mimina kikombe kila upande na uchungulie chini. Shemeji ameweka kikumbusho kwenye simu, mara mbili kwa mwaka, Novemba na Machi.