Jinsi ya kuthibitisha kwa mkono kwamba 4,294,967,297 si namba tasa

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, aliamini kwamba ukichukua 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea hivyo kwa kurudufu, kisha ukaongeza 1, kila mara utapata namba tasa. Tano za kwanza, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, ni tasa kweli. Ya sita ni 2³² + 1, na mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika. Kazi hiyo unaweza kuirudia kwa kalamu na karatasi tu.

Usianze kwa kujaribu kila namba tasa, kwa sababu chini ya kipeuo cha pili cha namba hii zipo 6,542. Tumia kanuni aliyoianzisha Euler na kukazwa baadaye na Édouard Lucas: kila kigawo tasa cha namba hii huacha baki ya 1 kikigawanywa kwa 128. Kwa hiyo orodha yako inaanza na 129, 257, 385, 513 na 641. Futa 129 na 513, ambazo hugawanyika kwa 3, pamoja na 385, ambayo hugawanyika kwa 5.

Namba 257 nayo huondoka bila kugawanya chochote, na hapa ndipo ninapouona uzuri mkubwa zaidi wa namba hii. Zidisha 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 na utapata 4,294,967,295, ambayo ni pungufu ya namba yetu kwa 2 tu. Kigawo chochote kinachogawanya zote mbili kingelazimika kugawanya 2 pia, jambo lisilowezekana kwa kuwa zote ni witiri. Imebaki 641.

Sasa tafuta baki ya 2³² ukigawanya kwa 641, ukiinua kwa kipeo cha pili hatua kwa hatua na kubakiza baki peke yake. Anza na 2⁸, ambayo ni 256. Kipeo chake cha pili ni 65,536. Toa 641 × 102, yaani 65,382, ubaki na 154, ambayo ni baki ya 2¹⁶. Kipeo cha pili cha 154 ni 23,716. Toa 641 × 36, yaani 23,076, ubaki na 640. Ukiongeza 1 unapata 641 kamili, kwa hiyo hakuna baki. Katika njia yote hii hukuwahi kushika namba yenye tarakimu zaidi ya tano.

Ukigawanya, utapata 641 × 6,700,417. Usiishie hapo, kwani hicho kigawo cha pili nacho kinahitaji kuchunguzwa. Kipeuo chake cha pili ni 2,588 na ushee, na kanuni ileile ya 128, baada ya kuiweka kando 257, inakuachia namba tasa nne tu za kujaribu: 641, 769, 1,153 na 1,409. Baki zake ni 44, 120, 334 na 622 kwa mfuatano huo, kwa hiyo 6,700,417 ni tasa.