Mambo ya kuzingatia kabla ya kuingiza boti kwenye ziwa usilolijua: mawe na mafungu ya kusini mwa Ziwa Victoria

Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha mita 40 hivi, na hata pale penye kina kikubwa kabisa hapafiki mita 90. Takwimu hizo hazimsaidii mtu anayetoka Mwanza na boti ya mita sita kuelekea Ukerewe, au anayekata kuingia Ghuba ya Speke kwa mara ya kwanza. Kinachomvunjia injini ni jiwe moja lililojificha sentimita 40 chini ya maji, mahali ambapo hatua kumi pembeni yake kuna mita nane. Maandalizi mengi yanayofuata yanalenga jiwe hilo, pamoja na mafungu ya mchanga, tope la midomo ya mito, na nyavu.

Anza kwa kuisoma nchi kavu. Majabali yanayobebana juu ya vilima vya Mwanza hayakuishia ufukweni. Yanaendelea chini ya maji kwa mtindo uleule wa rundo na pengo, na Jiwe la Bismarck ni moja tu kati ya yale yaliyobahatika kuchomoza. Kwa hiyo rasi yoyote yenye mawe makubwa juu, ihesabu kuwa ina mawe mbele yake, na uizunguke kwa mita 300 au zaidi mpaka mwenyeji akuambie vingine. Ufuko wa mafunjo na matete ni habari nyingine: chini huwa tope, kina hupungua polepole, na ukikwama mara nyingi huvunji kitu. Penye mdomo wa mto, kama Simiyu unavyomwaga maji yake Speke upande wa Magu, mafungu huhama baada ya mvua kubwa, na maelekezo ya mwaka jana yanaweza kuwa yamepitwa.

Jambo la pili ni usawa wa maji, na hili ndilo wageni hulidharau. Kwa kipimo cha maji kilichopo Jinja, Uganda, tofauti kati ya maji yalivyoshuka mwaka 2006 na yalivyopanda Mei 2020 ni takriban mita 3, na mwaka 2024 ziwa lilipanda tena hadi juu ya kiwango hicho. Maana yake ni kwamba jiwe ambalo ndege walilikalia mwaka 2006 leo linaweza kuwa chini ya maji kabisa, likisubiri propela. Maji yaliyopanda yamefunika pia visiki, nguzo za uzio, kuta za mialo (mahali boti na samaki hupokelewa ufukweni) ya zamani na misingi ya nyumba. Ndiyo maana ukingo uliofurika ni wa hatari kuliko ukingo wa siku zote, na si Victoria peke yake: Naivasha na Baringo, maziwa ya Kenya yaliyopanda pia, yana migunga iliyokufa imesimama majini, na mingine imekatikia chini ya uso wa maji pasipoonekana.

Ukishalijua hilo, ramani utaitazama kwa jicho jingine. Upimaji mkubwa wa kwanza wa ziwa hili ulifanywa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kamba yenye risasi, na nafasi kati ya kipimo kimoja na kingine inatosha kuficha jiwe kubwa kama nyumba. Ramani ya simu, kwa upande wake, huonyesha maji yote kwa rangi moja ya bluu. Haijui kina hata kidogo. Picha za setilaiti zinafaa zaidi, kwa sharti kwamba uangalie tarehe ya picha na ulinganishe za miaka kadhaa. Picha ya miaka ya maji machache ni hazina, kwa sababu huonyesha mawe na mafungu ambayo sasa yamezama. Weka alama kwenye kila ulichokiona, kisha chora mstari ambao hutauvuka kwa sababu yoyote ile, hata ukichelewa. Pakua ramani hiyo kabla ya kuondoka, kwani mtandao hupotea katikati ya visiwa. Washa pia programu ya kurekodi njia tangu unapong'oa nanga: njia uliyopita salama ukienda ndiyo njia bora ya kurudia.

Kisha nenda mwaloni ukaulize, lakini chagua wa kumuuliza. Nahodha wa feri anaijua njia yake, hajui pembeni. Mvuvi wa makila, yaani nyavu za kutega, anayajua mawe, kwa sababu kila jiwe limeshamgharimu wavu. Usimuulize kama njia ni salama. Atakujibu "hakuna shida" kwa adabu tu. Muulize: nyavu zenu hunasa wapi? Boti ya injini iliyogonga mara ya mwisho ilikuwa upande gani? Mkipita pale huwa mnainua mashine? Swali la mwisho ni la lazima, maana mtumbwi wake unaweza kupita kwenye maji ya nusu mita na boti yako isipite. Mwombe akupe alama za nchi kavu za kulinganisha, kwa mfano mti mkubwa ukiwa nyuma ya paa la shule, na uziandike. Alama mbili zilizopangana mstari mmoja hazihitaji betri. Maboya rasmi ukiyakuta, kumbuka kwamba Afrika iko kwenye mfumo wa boya jekundu kushoto na kijani kulia unapoingia bandarini. Aliyejifunzia boti Marekani au Kanada amezoea kinyume chake.

Sasa pima boti yako mwenyewe. Ipakie kama itakavyosafiri, watu na mafuta vikiwemo, kisha pima kwa fimbo kutoka usawa wa maji hadi ncha ya pezi lililo chini ya propela. Tuseme umepata sentimita 85. Mawimbi ya sentimita 60 yatakushusha sentimita 30 nyingine kila unapoingia bondeni kati ya wimbi na wimbi. Ongeza 50 za tahadhari, jumla ni 165. Basi chini ya mita 2 hukimbii, unatambaa. Na chini ya mita moja na robo unazima injini, unaiinua na kutumia pondo. Jambo moja huwashangaza wengi: boti iliyoinua kifua kwa kasi ikipunguziwa mafuta ghafla, nyuma yake huzama kuliko kawaida, na wimbi lake yenyewe huifuata na kuinyanyua na kuibwaga. Anayepunguza mwendo akiwa tayari juu ya fungu anaipigiza propela yake mwenyewe. Punguza mapema, ukiwa bado kwenye maji ya kutosha.

Kipimakina cha umeme ni kizuri, ila usikitegemee kupita kiasi. Kihisi kimefungwa nyuma ya boti, hivyo kinakuambia kina cha mahali ulipokwishafika. Kwenye tope linaloinuka polepole kinakupa muda wa kugeuza. Kwenye majabali kinasoma mita 8, mita 8, kisha unasikia mgongo wa jiwe. Katika maeneo ya namna hiyo kifaa bora ni mtu aliyesimama mbele na pondo la mita 4 lililopakwa rangi kila nusu mita, mita ya kwanza ikiwa nyekundu. Kwa kina zaidi tumia bildi: kamba yenye fundo kila mita na uzito wa kilo mbili, chini yake umepaka grisi au sabuni. Ikirudi na mchanga au tope unajua nanga itashika. Ikirudi safi huku grisi imekwaruzwa, uko juu ya jiwe, usitie nanga hapo kwa kamba usiyokuwa tayari kuikata.

Saa ya kuondoka huamua mengi. Kwa kawaida upepo wa ziwani huanza kujikusanya kuanzia saa nne au saa tano asubuhi na kukaza mchana, na Juni hadi Agosti kusi huongeza nguvu yake. Ngurumo na dhoruba, kinyume na bara, hujijenga juu ya ziwa usiku na kupiga alfajiri. Kwa hiyo sikiliza utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usiku wa kuamkia safari, kisha tazama anga kulipopambazuka kabla ya kuamua. Anayeelekea kaskazini Ukerewe aondoke saa moja. Anayeingia Speke kuelekea mashariki ana tatizo jingine: jua la asubuhi linampiga usoni, na maji yanakuwa kioo kisichoonyesha chochote. Apange sehemu ya mawe aifikie kati ya saa tatu na saa tano, jua likiwa limepanda na upepo haujakaza. Miwani ya kukata mng'ao husaidia. Jioni usiihesabu, huku giza huingia ndani ya nusu saa baada ya jua kuzama.

Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Injini ya farasi 15 ikikazwa hunywa lita 6 hivi kwa saa. Safari ya saa tatu kwenda na kurudi ni lita 18, kwa hiyo beba 27. Propela ya akiba, nati yake, pini za kutosha (zile zinazoshika propela na kukatika ikigonga), spana, koleo na plagi vikae kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwenye boti. Jaketi okozi livaliwe; la kukalia halimwokoi mtu. Kamba ya kuzimia injini iwe imefungwa kwenye mkono wa dereva. Na ile kamba ambayo wengi huifunga kushikilia injini isianguke au isiibwe iachwe ilegee, kwa sababu injini ikigonga jiwe inapaswa kuruka juu; ikizuiwa, nguvu yote inahamia kwenye ubao wa nyuma na kuupasua.

Ukiwa njiani kwenye eneo usilolijua, mwendo uwe wa mtu anayekimbia taratibu, kilomita 8 hadi 10 kwa saa. Maji ya ghuba hizi ni ya kijani na mara nyingi huoni zaidi ya mita moja au mbili chini, hivyo soma uso wake. Vijiwimbi vinavyovunjika mahali pamoja huku pengine pametulia, ni jiwe. Mnandi au yangeyange aliyesimama katikati ya maji hajasimama hewani. Magugu maji yaliyotulia wakati mengine yanasukumwa na upepo yamekwama kwenye kitu. Vichwa vya viboko karibu na matete hukuambia kina pia, ila hapo geuza tu, usipime.

Nyavu za makila hutegwa jioni na kupandishwa asubuhi, na boya lake linaweza kuwa chupa ya plastiki tu. Ukiona chupa moja tafuta ya pili, ujue mstari unaelekea wapi, uzunguke. Ikishindikana, uvuke mstari moja kwa moja, si kwa mshazari, injini imezimwa na kuinuliwa, boti ikiteleza kwa kasi iliyobaki. Ukinasa, zima na toa ufunguo kabla ya kugusa propela. Wavu ni mali ya mtu. Ukilazimika kuukata mtafute mwenyewe mwaloni mzungumze. Usiku, karabai za dagaa zikiwa zimepangwa majini, pita nje ya kundi zima. Kati ya taa kuna kamba na wavu.

Kufika ni hatari kama kuondoka. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikikaribia gati la Ukara, na zaidi ya watu 220 walikufa. Boti ndogo nayo hupinduka hivyo hivyo, watu wakisimama wote upande mmoja kushuka. Waambie abiria kabla ya safari kwamba hainuki mtu mpaka kamba ifungwe, na nanga iwe tayari mbele kabla ya kuingia maji mafupi: kilo 6 hivi, mnyororo wa mita 3, kamba mita 30.

Ukipanda jiwe, usikaze mafuta mbele wala nyuma. Zima, inua injini, kagua sakafu. Kama maji yanaingia, kaa hapohapo. Boti iliyokalia jiwe haizami, na ukiinasua kabla ya kuziba utapeleka tundu kwenye kina. Ziba kwa kitambaa kilichopakwa grisi na kabari ya mti, funga kwa ubao, ndipo usogeze watu upande usiogusa na kusukuma kwa pondo. Usimshushe mtu majini: mamba wapo, na kichocho kipo. Ukishaelea, washa na utazame kama mchirizi wa maji ya kupoza unatoka, kwa maana tope na magugu huziba tundu lake. Injini ikinguruma juu lakini boti haisogei, pini imekatika au raba ya ndani ya propela imeachia. Pini unabadilisha papo hapo. Raba iliyoachia bado inaweza kukurudisha nyumbani, mradi uende kwa mzunguko mdogo kabisa na usiikaze hata upepo ukikupinga.