Somo: Namna ya kuiona fursa ambayo wengine wanaipita kila siku

Ukitaja ubunifu, wengi wanafikiria kuvumbua mashine. Kwa mfanyabiashara, ubunifu unaanzia machoni.

Hatua ya 1. Tafuta kitu kinachotumika kwa kazi ambayo hakikutengenezewa.
Kabla ya M-Pesa, Wakenya walikuwa tayari wanatumiana salio la simu. Aliye mjini anamrushia jamaa yake wa kijijini, naye analiuza apate hela mkononi. Salio limeshakuwa pesa, na hakuna kampuni iliyoagiza hivyo. Mwaka 2005, Safaricom na Vodafone walipoanza majaribio, lengo lilikuwa wakopaji wa mikopo midogo walipe marejesho kwa simu. Watu wakautumia mfumo kutumiana pesa. Kampuni nyingine ingewaambia wanakosea! Hawa wakaifuata njia ya wateja, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kwa kazi hiyo hiyo ya kutuma pesa nyumbani.

Hatua ya 2. Uliza "jana ulifanyaje?", usiulize "unataka nini?"
Ukiuliza anachotaka, utajibiwa "bei ishuke". Kaa gengeni jioni uangalie. Mama katoka kazini, anashika nazi, anaitikisa, anairudisha. Bei hajauliza. Anafikiria kuivunja, kukaa kwenye mbuzi, kukuna na kukamua, na watoto wana njaa. Ndiyo maana sokoni mashine za kukuna nazi zinapata wateja.

Hatua ya 3. Changanya ulichokiona na unachokijua.
Hapo kwenye mashine ya nazi, fundi umeme anaona mota; mwenye bodaboda anaona mzigo wa kupeleka majumbani. Andika yote, hata ya kijinga. Kuchuja ni kesho.

Hatua ya 4. Jaribu kwa udogo.
Anayekwambia "wazo zuri" usimhesabu. Mhesabu anayetoa hela.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, mimi sijazaliwa mbunifu. Nitaweza?*
Utaweza ndugu, ila si kwa kukaa ndani. Anza na kazi unayoifahamu. Kero zake unazijua kuliko mgeni.

*Nikiulizauliza watu, si wataniibia wazo?*
Unawauliza habari za jana yao, wazo hujalitaja. Na wengi wakilisikia hawatalifanyia kazi, nakuhakikishia.

*Mtaani kwetu kila mlango ni chipsi na uwakala. Fursa iko wapi?*
Angalia wanaokuja wakaondoka bila kununua. Walifuata nini? Mimi ningeanzia kwa hao kabla ya kufungua chipsi nyingine.

*Nimependa hiyo ya nazi lakini sina hela ya mashine.*
Usinunue, dada. Pokea oda za majirani asubuhi, jioni kakunishe kwenye mashine ya mtu sokoni, ongeza hela yako ya usafiri. Oda zikikuzidi mikono ndipo uulizie bei ya mashine. Ila nazi iliyokunwa huchacha upesi kwenye joto, kwa hiyo usikunishe ambayo haijalipiwa.